Majani Yaliyohesabiwa: Maelezo ya Milima ya Uswisi

Mtanzania anayealikwa Uswisi mara nyingi huwa ameitwa na rafiki wa zamani: daktari aliyefanya kazi Ifakara, ambako taasisi ya Waswisi ya magonjwa ya nchi za joto ilifungua maabara mwaka 1957, au sista wa misheni, au fundi wa mgodi aliyekwisha kustaafu na kurudi kwao. Mwaliko wa namna hiyo haukomei Zurich. Humfikisha mgeni kijijini, kwa wazazi na ndugu wa mwenyeji wake, juu mlimani, na akirejea simulizi zake huwa za theluji na treni. Nchi yenyewe ni ndogo, kilomita za mraba 41,000 hivi, na kiasi cha asilimia 60 ya eneo hilo ni milima ya Alpi. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Dufourspitze, kina mita 4,634, pungufu ya Kilimanjaro kwa zaidi ya mita 1,200. Lakini kwa msomaji wa Segese, mkoani Shinyanga, anayeishi katikati ya mifugo na machimbo, kitu cha kutazamwa kule ni majani. Ukijani wa milima ile umedumu kwa sababu watu walikaa kitako wakapatana nani atalisha wapi, lini, na ng'ombe wangapi.

Ushahidi uko wazi zaidi katika jimbo la Valais, kusini magharibi. Wengi hudhani milima ya Ulaya hunyeshewa mwaka mzima, lakini Sion, makao makuu ya jimbo hilo, hupata milimita 600 hivi za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho mkulima wa Kahama angekiona haba. Maji hutoka kwenye barafu za juu, yakiletwa na mifereji iliyochongwa ubavuni mwa majabali tangu Zama za Kati, na kila familia ina zamu yake ya kufungulia maji na wajibu wake wa kuzibua mfereji. Nyumba za zamani ni za magogo. Ghala la nafaka husimama juu ya miguu, na kila mguu umewekewa bamba la jiwe la mviringo ili panya asipande. Mkate wa nafaka iitwayo rai ulikuwa ukiokwa mara chache tu kwa mwaka katika tanuri la kijiji, kisha ukakaa miezi mingi hadi ukawa mgumu kama kuni. Msukuma aliyekula michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, ataielewa akili hiyo mara moja: chakula hupikwa kwa kuufikiria msimu usio na kitu. Na mpenda ng'ombe atafurahi zaidi akikutana na ng'ombe weusi wa Hérens, majike wanaopambana kwa pembe hadi mmoja awe malkia wa kundi, huku vijiji vizima vikitazama.

Kijiji cha Törbel, kilicho mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, kimechunguzwa na wataalamu kuliko vijiji vingi vya milima hiyo. Mwanaanthropolojia Robert Netting alikiandikia kitabu, na Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alikitumia kupinga dai kwamba mali ya wote lazima iharibiwe na wote. Wanakijiji waliandikiana mkataba wa malisho na misitu mwaka 1483. Mwaka 1517 waliongeza sharti moja ambalo ndilo kiini cha maelezo haya: hakuna mtu aliye na ruhusa ya kupeleka malisho ya juu ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha majira ya baridi. Kwa hiyo kipimo cha kundi ni nyasi kavu zilizomo ghalani mwa mwenyewe, wala si fedha zake. Aliyezidisha alitozwa faini, na msimamizi aliyemkamata alichukua nusu ya faini hiyo. Miti ya kuni iligawanywa kwa mafungu na kupigiwa kura.

Wapo watakaosema kwamba haya yanawezekana kwa sababu Waswisi ni matajiri. Wana mabenki, na sehemu kubwa ya dhahabu ya dunia husafishwa katika jimbo lao la Ticino. Ni kweli pia kwamba leo serikali yao humlipa mfugaji kwa mifugo anayoipandisha mlimani, na bila malipo hayo malisho mengi yangeachwa yakawa vichaka. Lakini tarehe zinalijibu dai hilo. Sheria za Törbel zilitangulia utajiri kwa karne nyingi. Mwaka 1819, baada ya njaa ya 1816 na 1817, Waswisi wapatao 2,000 walihamia Brazil wakaanzisha mji wa Nova Friburgo, na wengi walikufa njiani. Katika nchi maskini namna hiyo ndimo watu walikuwa wakihesabu ng'ombe kwa nyasi kavu. Walihesabu kwa sababu hawakuwa na cha kupoteza bure.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami silioni kuwa na jibu jepesi. Mkataba wa 1483 ulimnyima mgeni aliyenunua shamba Törbel haki yoyote katika malisho na misitu ya kijiji. Katika ukanda wetu wa dhahabu, mgeni ndiye kijiji: mchimbaji mdogo, mnunuzi, mama lishe, wote wanahitaji mkaa, na maduara ya machimboni yanahitaji magogo ya matimba. Sheria inayowafungia nje haitadumu hata wiki moja. Hata hivyo Usukuma una mizizi yake katika jambo hili. Ngitili, eneo linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, lina mantiki ileile ya kuuwekea akiba msimu mbaya, na dagashida, mkutano wa jadi, ilitunga adhabu ambazo sungusungu, walinzi wa jadi, walizitekeleza. Mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI ulioanza 1986, Shinyanga ikiwa karibu kuitwa jangwa, ulifanikiwa kwa sababu ulijenga juu ya desturi hiyo, na ngitili zikaenea hadi kupita hekta 300,000. Tofauti iko mahali pamoja. Ngitili ya kijiji kwa kawaida huhesabu siku za kufungua eneo, haihesabu ng'ombe. Mwenye ng'ombe mia na mwenye watano huingia siku moja, na majani huisha kwa kasi ya yule wa mia.

Mwezi Septemba ng'ombe wa Valais hushuka, kengele shingoni, na jibini lililotengenezwa juu hugawanywa kwa wenye mifugo. Aliyealikwa na achague wiki hizo. Amwombe mzee wa nyumba ampeleke ghalani zinapohifadhiwa nyasi kavu, amuulize zitalisha ng'ombe wangapi hadi Aprili.