Unguja Mjini kwa Siku Moja

Enyi wazazi, mkiwapeleka watoto Unguja wakati wa likizo, msianzie kwenye vyakula vya Forodhani. Mishkaki, pweza na maji ya miwa hupangwa bustanini jua likichwa. Tena mtoto aliyeshiba hatazami kitu. Asubuhi wapelekeni Mnazi Mmoja, wakalione Beit el-Amani, jumba la makumbusho lenye kuba, lililofunguliwa mwaka 1925. Kisha wasimame mbele ya Beit el-Ajaib, inayoelekeana na bustani, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka Disemba 2020, watu wawili wakafariki. Wangapi walipita mlangoni pake miaka mingi wakisema wataingia kesho! Sala ya Magharibi ikisha, ndipo mkale. Urojo msiusahau, ila wa watoto upunguzwe pilipili.