Aliyepotea Angani Ana Jina, Mpagazi Wetu Je?

Juma hili nataka tuzungumze juu ya watu waliokufa vitani, na hasa juu ya majina yao.

Chukua kijana wa miaka ishirini na ushei. Ni mwaka 1943. Jioni anapanda ndege ya mabomu aina ya Lancaster pamoja na wenzake sita. Wanaruka kutoka Uingereza kwenda Ujerumani, na alfajiri hawarudi. Ndege imeangukia baharini. Mwili hauonekani, kaburi halichimbwi. Katika jeshi hilo la ndege za mabomu walikufa watu 55,573, wengi wao vijana wa umri huo.

Hata hivyo, mama wa kijana kama huyo alipata mahali pa kwenda. Mwaka 1953 ulifunguliwa mnara wa kumbukumbu huko Runnymede, karibu na London. Kutani yamechongwa majina zaidi ya 20,000 ya wanajeshi wa anga wasio na kaburi linalojulikana. Mama aliweza kulitafuta jina la mwanawe na kuligusa kwa kidole.

Hiyo ilikuwa kanuni. Tume ya makaburi ya vita ya Dola ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 1917, ilishika msimamo kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kujali cheo wala rangi.

Sasa tuje kwetu. Vita Kuu ya Kwanza ilifika Ziwa Nyasa mapema. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, pale Liuli. Mwaka 1916 Waingereza waliingia Songea. Mwaka 1918 jeshi la Lettow-Vorbeck lilivuka tena Mto Ruvuma kutoka Msumbiji, likapita nchi hiyo hiyo, ambayo Liparamba ipo mpakani mwake.

Barabara za magari hazikuwapo, na wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o. Ikabaki shingo ya mtu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi.

Majina yao yako wapi? Dar es Salaam tunayo Sanamu ya Askari, ya mwaka 1927, inayowakumbuka wote kwa mkupuo. Tunayo pia Kariakoo, jina lililotokana na kikosi chenyewe cha wapagazi. Tunanunua nyanya pale bila kuwafikiria.

Mwaka 2021 Tume ilikiri kwamba kanuni yake haikufuatwa huku. Watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Baadhi ya maofisa wa zamani walidai kuwa Mwafrika hajafikia hatua ya kuthamini jiwe lenye jina. Tume iliomba radhi.

Radhi tumeisikia, lakini majina yanabaki kutafutwa, na mengine yamo vinywani mwa wazee wetu. Kama kwenu ni Mbinga, Liuli au Liparamba, ukienda likizo muulize mzee: ni nani katika ukoo wetu aliyekwenda kubeba mizigo ya vita asirudi? Andika kwenye daftari jina lake, jina la baba yake na kijiji chake.

Wale maofisa walikosea. Watu wanaowapa wajukuu majina ya babu zao wanajua vizuri sana thamani ya jina.