Saa isiyotegemea simu: zima simu kabla hujalipa

Sehemu ya tatu

Katika sehemu mbili zilizopita tuliona jinsi saa janja inavyosoma mapigo ya moyo kwa mwanga wa kijani, na kwa nini hesabu yake ya hatua hutofautiana na ya saa ya jirani yako. Leo nataka kujibu swali ambalo wanunuzi wengi hulikumbuka fedha zikiwa zimeshatoka mfukoni: je, saa hii itafanya kazi simu ikiwa imebaki nyumbani?

Mjomba wangu anaishi Muheza, mkoani Tanga. Ana miaka 73, ana shinikizo la damu, na kila alfajiri huenda kwenye michungwa yake. Simu yake ni kitochi, nayo huiacha mezani kwa sababu akipanda ngazi kuchuma huchomoka mfukoni. Siku moja alishikwa na kizunguzungu shambani, akakaa chini ya mti mpaka adhuhuri bila mtu kujua. Bintiye, ambaye anafanya kazi Muscat, aliposikia hakulala. Akanunua saa ya gharama yenye uwezo wa kupiga simu, akampa msafiri ailete. Nilipokwenda kuwasalimu sikukuu ya Idi, nikaombwa niiwashe. Kioo kikawaka, kisha kikatoa agizo: sogeza saa karibu na simu janja ya aina fulani. Tukakwama hapo.

"Mpwa wangu," akasema mjomba, "nimeletewa saa ili niiache simu. Mbona yenyewe inataka simu?"

Saa ile haikuwa mbovu wala bandia. Dukani muuzaji aliulizwa kama inapiga simu, akajibu kwamba inapiga, na alisema kweli. Lakini kujitegemea kwa saa kuna ngazi tatu: kuanzishwa, kupata laini, na kufanya kazi za kila siku. Asiyezitenganisha hulipia ngazi moja akidhani amenunua zote.

Ngazi ya kwanza: kuanzishwa

Wazo la kupiga simu kwa saa ya mkononi si jipya. Samsung iliuza saa ya namna hiyo mwaka 1999, na mwaka 2014 ikatoa Gear S yenye nafasi ya kadi yake ya simu. Apple ilifuata mwaka 2017 kwa Series 3, saa yake ya kwanza kuwa na mtandao wake. Hata hivyo, saa za makampuni haya makubwa zimebuniwa ziwe wenzi wa simu. Apple Watch huanzishwa kwa iPhone. Galaxy Watch, kuanzia toleo la 4 la mwaka 2021, hukubali simu za Android tu. Mwenye kitochi hana mlango wa kuingilia.

Apple ilifungua dirisha dogo mwaka 2020: mtu mwenye iPhone anaweza kumwanzishia saa mtoto au mzee asiye na simu hiyo, kisha saa ikatumia namba yake yenyewe. Ni msaada mkubwa kwa familia, ila iPhone ya ndugu lazima iwepo siku ya kuanzisha, na kampuni ya simu ya mahali saa itakapotumika lazima iwe inatoa huduma hiyo.

Kundi jingine ni saa zinazobeba Android nzima ndani yake pamoja na nafasi ya kadi. Hizi ni simu zilizofinyangwa zikae mkononi: unaziwasha, unachagua lugha, unaingiza kadi, kazi inaanza. Zipo pia saa rahisi za vitufe na kadi, ambazo utazikuta Kariakoo na katika Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, na saa za watoto zenye kadi, ambazo nyingi huongozwa kutoka simu ya mzazi.

Wakimbiaji wana kujitegemea kwa aina yao. Saa zao hupokea ishara za setilaiti za GPS moja kwa moja, bila kadi wala bando. Mwanariadha wa Iten anaweza kuacha simu kambini, akakimbia kilomita 30, akarudi na ramani ya njia na kasi ya kila kilomita. Eliud Kipchoge amewahi kuvaa saa za namna hiyo za COROS, na kampuni hiyo ilitoa toleo lenye jina lake. Lakini kupokea ishara ya setilaiti si kuzungumza. Ukiteguka mguu msituni, saa hiyo inajua ulipo, ila peke yake haiwezi kumwambia mtu.

Ngazi ya pili: laini

Saa yenye nafasi ya kadi haina fumbo. Unanunua laini, unaisajili kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA ukiwa Tanzania, unaichomeka. Sajili kwa jina la atakayeivaa. Laini ya mzee iliyosajiliwa kwa jina la kijana wa jirani huleta usumbufu siku inapopotea.

Saa nyingi za gharama hazina nafasi ya kadi. Zina laini iliyojengwa ndani, ambayo makampuni huiita eSIM, na ambayo huwashwa na kampuni ya simu kutoka upande wake. Watu wengi hudanganyika hapa: kampuni kutoa eSIM kwa simu hakumaanishi inatoa eSIM kwa saa. Saa huhitaji mpango wake, na mara nyingi mpango huo huifanya saa na simu zishiriki namba moja. Kabla ya kununua, nenda kwenye duka la kampuni yako ya simu ukiwa na jina kamili la saa. Uliza: saa hii imo katika orodha yenu? Itakuwa na namba yake, au itatumia ya simu yangu? Na je, simu yangu ikizimwa kabisa, namba hiyo itaita kwenye saa?

Uliza pia kuhusu masafa. Mtandao wa 4G katika eneo letu hutumia masafa kama megahezi 800 na 1800. Saa iliyotengenezwa kwa soko la mbali huenda haina masafa yote ya huku, ikashika mtandao mjini na kuwa bubu kijijini. Saa za bei ya chini zenye 2G peke yake bado zinapiga simu kwetu, lakini mitandao ya kale huzimwa. Marekani, kampuni ya AT&T ilizima 2G mwanzoni mwa 2017 na 3G mwaka 2022, na vifaa vilivyotegemea mitandao hiyo pekee vikapoteza huduma. Anayenunua kitu cha kukaa nacho miaka kadhaa achague 4G.

Halafu kagua IMEI, namba ya tarakimu 15 ambayo saa yenye laini hujitambulisha nayo mtandaoni kama simu. Piga *#06# au itafute kwenye mipangilio, kisha ulinganishe na iliyoandikwa kwenye boksi. Tunakumbuka Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia Tanzania nzima, na Kenya ilikuwa imeshafanya hivyo tangu mwishoni mwa Septemba 2012. Kifaa chenye IMEI ya kughushi kinaweza kuzimwa wakati wowote.

Ngazi ya tatu: kazi za kila siku

Anza na betri. Simu janja ya leo huwa na betri ya takribani mAh 5,000. Saa nyingi zina kama 300. Saa inapokuwa karibu na simu huiachia simu kazi nzito ya kuutafuta mnara, yenyewe ikasikiliza kwa Bluetooth. Ikiachwa peke yake hubeba mzigo huo, na mnara ukiwa mbali hulazimika kupaza nguvu zaidi. Kwa hiyo soma ahadi za boksi kwa makini. Apple ilisema Series 3 hudumu saa 18, lakini katika hesabu hiyo saa ilikuwa kwenye mtandao wake kwa muda wa saa 4 tu. Saa 14 zilizobaki ilikuwa pamoja na iPhone. Mazungumzo mfululizo kwa mtandao wake yalikadiriwa kudumu saa moja. Matoleo yameendelea kuboreshwa, ila kanuni haijabadilika: anayeacha simu nyumbani achaji saa kila usiku.

WhatsApp ilikuja kwenye saa za mfumo wa Wear OS mwaka 2023, na huweza kutuma ujumbe simu ikiwa mbali. Hata hivyo saa hubaki kifaa kilichounganishwa na akaunti ya simu, na simu isipotumiwa kwa siku 14 saa huondolewa kwenye akaunti hiyo. Huduma za fedha ni jambo la kujaribu dukani: ingiza laini yako, piga namba ya menyu, tazama kama unaweza kuangalia salio. Menyu isipofunguka pale kaunta, haitafunguka gulioni.

Wazazi wanaowanunulia watoto wana jambo moja zito zaidi. Oktoba 2017 Baraza la Walaji la Norway lilichunguza saa za watoto, likaonyesha kwamba kwa baadhi yake mtu wa nje angeweza kujua mtoto alipo, hata kuzungumza naye. Mwezi uliofuata Ujerumani ilipiga marufuku saa za watoto zinazoweza kumsikiliza mtu kwa siri. Saa inayojiwasha kimya na kusikiliza bila mvaaji kujua ni mtego uliovikwa mkononi mwa mtoto. Usiinunue, na ukikuta uwezo huo ndani ya saa uliyonayo, uufunge.

Jaribio moja

Kanuni yangu ni hii: nenda dukani na simu yako, anzisha saa, kisha zima simu kabisa. Usiiweke kimya tu, izime. Toka nje, tembea hatua 50. Mwambie mtu akupigie. Mpigie wewe. Angalia salio. Kile saa itakachofanya wakati huo ndicho unachonunua. Mengine yote ni ya simu.

Saa ya kwanza ya mjomba ilirudi Muscat, na bintiye anaivaa pamoja na simu yake, inamfaa. Mjomba tulimtafutia nyingine ya 4G yenye nafasi ya kadi, ya bei ndogo zaidi. Laini tuliisajili kwa jina lake. Chaja tuliiweka kando ya redio, kwa sababu haendi kulala kabla ya kuizima redio. Kisha tukazima kitochi, akaenda mpaka mchungwa wa mwisho, bondeni, mahali pale alipokaa siku ya kizunguzungu. Dakika chache baadaye simu yangu ikaita.

"Unanisikia?" akauliza.

"Nakusikia, mjomba."

"Basi mpigie dada yako umwambie alale."

Sehemu ya nne, wiki ijayo, itaeleza saa zinazotambua mtu anapoanguka, na kwa nini wakati mwingine hudhani kupiga makofi ni kuanguka.