Moshi wa Baba, Mbegu za Mwana

Ndoa inapokosa mtoto, lawama humwangukia mke kwanza, na lugha zenyewe zimeibeba hukumu hiyo, kwani Kizulu kinachozungumzwa Durban, Afrika Kusini, kina neno inyumba kwa mwanamke asiyezaa, kama Kiswahili kilivyo na tasa. Hukumu hiyo ni ya dhuluma, kwa sababu upungufu wa mbegu za mume ni chanzo cha kawaida cha ugumba, na huenda mizizi yake ikawa katika sigara alizovuta baba yake kabla yeye hajazaliwa.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, akiwamo daktari Jonatan Axelsson, walichapisha matokeo ya kuwapima vijana 104 wa miaka 17 hadi 20. Wale ambao baba zao walikuwa wavutaji walikuwa na mbegu pungufu kwa asilimia 41 katika kila mililita ya manii, na jumla yake ilipungua kwa asilimia 51. Uzito wa utafiti huo umo katika kipimo cha kotinini, yaani kitu kinachobaki mwili unapoivunja nikotini, ambacho kilitafutwa katika damu ya mama iliyohifadhiwa tangu ujauzito, ili athari ya moshi uliomfikia mama itenganishwe na ile ya baba. Tofauti iliendelea kuonekana hata baada ya kuzingatia kipimo hicho.

Maelezo yanayopewa nguvu ni kwamba seli zinazozaa mbegu hugawanyika maisha yote ya mwanamume, na katika kila mgawanyiko vinasaba, ambavyo ndivyo maandishi ya urithi, hunakiliwa upya, kazi ambayo kemikali za moshi huweza kuiharibu. Vijana 104 ni wachache, na uhusiano peke yake si uthibitisho wa chanzo. Aidha, mbegu kupungua si sawa na kuwa mgumba. Hata hivyo, onyo hili halifai kupuuzwa.

Halifai kupuuzwa hasa Afrika Kusini, ambako uchunguzi wa kitaifa wa 2021 uliwakuta wanaume 41.7 katika kila 100 wakitumia tumbaku. Durban ina msingi wa kulichunguza jambo hili, maana Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kimekuwa kikifuatilia akina mama na watoto tangu ujauzito ili kujua madhara ya hewa chafu, wakiwamo wa maeneo ya kusini mwa jiji yaliyokuwa yamepakana na viwanda vya kusafisha mafuta. Moshi wa baba unastahili kuchunguzwa kwa uzito uleule unaopewa moshi wa kiwandani.

Mbegu moja huchukua siku zipatazo 74 kuundwa. Serikali ya Afrika Kusini ilipopiga marufuku uuzaji wa sigara kuanzia Machi hadi Agosti 2020, muda huo ulikaribia kuwa mara mbili ya siku hizo, hivyo ulitosha mbegu mpya kuundwa bila moshi, ingawa wengi waliendelea kununua kwa magendo. Mwanamume anayetarajia kupata mtoto na aache sigara miezi mitatu kabla, wala asingoje mkewe ashike mimba.