Mabua ya Mpunga na Moto wa Julai Kyela

Karibu na Ipinda, wilayani Kyela, mwezi wa Julai, niliokota mabonge mawili ya udongo mkavu, kila moja kama ndimu. La kwanza lilitoka chini ya mikakao, la pili kwenye jaruba la mpunga lililovunwa na kuchomwa moto. Nikayatumbukiza kwenye glasi mbili za maji. La jaruba lilianza kutoa mapovu, likameguka, na kabla chai yangu haijapoa lilikuwa tope. La mikakao lilikaa palepale, maji yake yakabaki meupe.

Kinachoshikilia bonge lisimeguke ni mboji, na zaidi ya nusu ya uzito wa mboji ni kaboni. Majani ya mgomba yaliivuta hewani, yakaanguka, yakaoza, na sehemu yake ikanata kwenye chembe za mfinyanzi. Udongo wa Kyela una bahati hapo. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremsha mchanga laini wa volkano kutoka Rungwe, na udongo wenye asili ya volkano hushika mboji kwa nguvu.

Lakini joto halina huruma. Mji wa Tukuyu, kule Rungwe, uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Kyela kama 500 tu. Sweta uliyoivaa asubuhi kule juu unaivua hata safari ya kushuka haijaisha. Vijidudu vya udongoni navyo vinalihisi joto hilo. Joto likizidi kwa nyuzi 10, kasi yao ya kula mboji huongezeka takriban maradufu. Ndiyo maana mkulima wa huku hawezi kuweka mboji akaisahau, akatarajia kuikuta mwakani. Aliyeacha kuulisha udongo mwaka huu ameshaanza kupoteza.

Mikakao huulisha yenyewe. Ingia shamba lolote la zamani upande wa Busale: unakanyaga zulia la majani, juu kuna migomba na miti ya kivuli, chini ardhi haijaguswa na jembe kwa miaka mingi. Ukifukua kwa vidole unakuta unyevu, nyuzi nyeupe za kuvu, minyoo. Hakuna aliyepanda kakao kwa ajili ya hali ya hewa; walipanda kwa ajili ya ada za shule, na udongo ukanufaika nao.

Kwenye mpunga hali ni nyingine. Plau ya ng'ombe hupindua ardhi, hewa inaingia, mboji iliyokuwa imejificha ndani ya mabonge inafichuliwa na kuliwa. Mavuno yakiisha, mabua yanatiwa kiberiti. Mimi moshi ule unaniuma, kwa sababu mboji iliyoliwa hairudishiwi kitu. Hesabu ni rahisi: ekari moja, kwa kina cha sentimita 20, ina kama tani 1,000 za udongo. Kila asilimia 1 ya kaboni ni tani 10. Nusu yake ikipotea, zimepanda angani tani 18 hivi za hewa ukaa, na ardhi iliyobaki haishiki maji wala mbolea ya dukani.

Sisemi mabua yafukiwe tu bila kuangalia wakati. Yakifukiwa mvua zikiwa zimeshafika, yataozea majini bila hewa na kutoa methani, gesi inayopasha dunia joto zaidi kuliko hewa ukaa. Yafukiwe mapema, ardhi ikiwa bado kavu, na methani hupungua sana. Miezi ya kiangazi ipo, kati ya mavuno na mvua za Novemba.

Kufukia majani si elimu ya kigeni katika nchi za Ziwa Nyasa. Mbinga, Wamatengo hukata nyasi, huzipanga miraba mlimani na kuzifunika udongo; mashamba hayo, yaitwayo ngoro, yamelisha watu kwa zaidi ya karne. Na Wanyakyusa wa zamani, waliolaza ng'ombe ndani ya nyumba, walikuwa na samadi mlangoni na migomba hatua chache kutoka hapo.

Jirani na lile jaruba lililoungua, mama mmoja alikuwa akifunga mabua yake mafungu mafungu. Watoto wawili waliyabeba kichwani hadi kwenye mikakao michanga nyuma ya nyumba, wakayatandaza kuzunguka kila shina, kiganja kimoja mbali na gome, mchwa wasipande. Nilipoondoka walikuwa wamefika shina la tisa.