Pampu mpya, shida ile ile: Usichezewe pata potea na dizeli yako

Umelipia pampu. Umelipia ufundi. Mekanika amefunga boneti, gari likawaka vizuri, ukaenda zako. Siku tatu baadaye uko kando ya Thika Road, taa ya injini inawaka, unakanyaga mafuta lakini gari halina nguvu hata ya kupanda mlima mdogo. Unapiga simu gereji. Jibu? "Bosi, hiyo sasa ni injekta. Zote nne."

Kabla hujatuma hiyo M-Pesa, tulia kidogo. Huenda injekta ni mbovu kweli. Lakini kama pampu ilibadilishwa kwa kukisia, na sasa injekta zinataka kubadilishwa kwa kukisia, huo si ufundi tena. Ni pata potea, na anayepotea ni wewe.

Na si pesa kidogo. Pampu ya presha ya juu hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi, na kwa magari mengine inapita laki. Kama ulinunua Mazda CX-5 ya dizeli kutoka Japan, vani ya kusambaza mizigo, au mmechanga na marafiki mkapata Hiace ya matatu, kuna uwezekano bado unalipa mkopo. Gari likilala gereji wiki mbili, mkopo haulali.

PAMPU HAIFANYI KAZI PEKE YAKE

Elewa kwanza safari ya dizeli. Inatoka kwenye tangi, inapita kwenye filta, inafika kwa pampu. Pampu inaisukuma hadi kwenye reli, ile paipu nene ya chuma iliyolala juu ya injini. Kutoka hapo injekta zinainyunyiza ndani ya silinda. Sensa kwenye reli inaiambia kompyuta ya gari presha ni ngapi. Kwa magari mengi ya Kijapani, kompyuta nayo hutumia vali ndogo iliyo kwenye pampu, ambayo mekanika huiita SCV, kuongeza au kupunguza mafuta.

Presha yenyewe si mchezo. Gurudumu la gari dogo hujazwa takriban PSI 32, yaani kama bar 2 hivi. Ndani ya reli ya dizeli ya kisasa, presha inaweza kupita bar 1,600. Hata kuwaka tu, injini nyingi hukataa mpaka reli ifikishe karibu bar 200.

Kwa hivyo presha ikionekana kuwa chini, maelezo ni manne: mafuta hayafiki kwa pampu ya kutosha, pampu haisukumi, mafuta yanasukumwa lakini yanatoroka mbele, au presha iko sawa ila sensa na nyaya zake zinadanganya. Wewe umebadilisha kitu kimoja kati ya vinne. Vitatu vimebaki. Na hata hiyo pampu "mpya" inaweza kuwa ilitolewa kwenye gari jingine, ikapigwa msasa na kupakwa rangi.

ANZA NA VYA BEI RAHISI

Shida nyingi zinazokuja mara tu baada ya pampu kubadilishwa huletwa na kazi yenyewe. Ya kwanza ni hewa. Pampu ikifunguliwa, hewa huingia kwenye paipu. Isipotolewa yote, au washa za shaba zikirudishwa zile zile za zamani, gari litamisi, litazima au litakataa kuwaka asubuhi. Magari mengi yana kipampu cha mkono juu ya filta. Kama ukikipiga mara kadhaa gari linawaka, na kesho yake unalazimika kukipiga tena, kuna mahali hewa inaingia. Mekanika anaweza kuweka kipande cha mpira wa kuonyesha ndani kati ya filta na pampu. Mkiona mapovu yanapita bila kuisha, mmeshapata mwelekeo.

Ya pili ni filta. Ajabu ni kwamba mtu hununua pampu ya bei hiyo halafu anaacha filta ya mwaka juzi. Iangalie, na umwage maji yanayojikusanya chini yake.

Ya tatu ni betri. Betri dhaifu huzungusha injini polepole, na pampu ikizunguka polepole haifikishi presha ya kuwasha. Ya nne ni plagi za nyaya. Moja ikiwa imevunjika kichwa au haikusukumwa hadi ikalia "tiki", kompyuta haipati habari sahihi.

Kuna pia la kompyuta. Baadhi ya magari, yakiwekwa pampu au SCV mpya, huhitaji kufunzwa upya kwa mashine ili kompyuta iijue. Hatua hiyo ikirukwa, injini huweza kupanda na kushuka mlio ikiwa imesimama tu.

Kama gari lako ni la zamani, lenye pampu isiyotegemea kompyuta, uliza kuhusu taimingi. Alama ikikosewa hata kwa jino moja, injini itagonga, itatoa moshi mweupe na kuwaka kwa shida, ingawa pampu ni nzima kabisa.

GARI LINAKATAA SAA NGAPI?

Wewe ndiye unayekaa na hilo gari, kwa hivyo una habari ambayo mekanika hana. Iandike kwenye simu.

Likisumbua asubuhi baada ya kulala, shuku hewa au mafuta yanayorudi kwenye tangi usiku. Likiwaka vizuri asubuhi lakini likikataa likiwa moto, shuku injekta zilizochakaa: dizeli ikipata joto huwa nyepesi na huvuja kwa urahisi. Likikosa nguvu mlimani au likiwa na mzigo, shuku filta iliyoziba au uchafu ndani ya tangi.

Angalia moshi pia. Ukipiga stata na hakuna moshi wowote, mafuta hayafiki kwenye silinda. Moshi mweupe maana yake yanafika lakini hayaungui. Moshi mweusi barabarani maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa, na hapo huenda pampu haikuwa na makosa tangu mwanzo.

DAI NAMBA

Mashine ikichomekwa, kodi inayotokea sana ni P0087. Watu wakiiona husema, "Ni pampu." Sivyo. P0087 inasema tu kwamba presha kwenye reli iko chini. Haisemi ni nani aliyeishusha.

Mwambie mekanika aonyeshe namba mbili gari likitembea: presha ambayo kompyuta inaitaka, na presha iliyopo kwenye reli. Zikitembea pamoja, shida haiko kwenye presha. Zikiachana unapokanyaga, endeleeni kutafuta.

Hatua inayofuata ni kuvuta dizeli kutoka kwa jerikeni safi badala ya tangi. Gari likipona, tatizo liko kwenye tangi au paipu zake, na umeokoa pesa za injekta. Likibaki vile vile, pima injekta kwa kukusanya mafuta yanayorudi kutoka kwa kila moja kwenye chupa yake. Chupa moja ikijaa haraka kuliko zingine, umempata mwizi. Huenda ni injekta moja, si nne. Na ikibadilishwa, magari mengi hutaka kodi iliyoandikwa kwenye injekta hiyo iingizwe kwenye kompyuta.

Onyo moja: usimruhusu mtu, wala wewe mwenyewe, kulegeza paipu za reli injini ikiwaka, au kutafuta uvujaji kwa kidole. Mchirizi wa dizeli wa presha hiyo hupenya ngozi. Kidonda huonekana kidogo kama kilichochomwa na sindano, lakini ni dharura ya upasuaji.

PAMPU YA KWANZA ILIKUFA VIPI?

Hili ndilo swali ambalo wengi hawaulizi. Pampu inayosagika hutoa chembe za chuma, na chembe hizo husambaa hadi kwenye reli, injekta na tangi. Ukiweka pampu mpya bila kusafisha mfumo wote, unaipa uchafu uliotoka kwa ile iliyokufa. Fungua filta ya zamani: ukiona vumbi linalong'aa, jibu unalo.

Chanzo kinaweza kuwa mafuta yenyewe. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu kwa ndani. Mafuta taa hayalainishi kama dizeli, na kuyachanganya ni biashara ya zamani hapa nchini. Mwaka wa 2018 serikali iliweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuua faida ya mchezo huo. Jaza kwenye kituo kimoja unachokiamini, uweke risiti. Kile kijilita cha bei ya kutupa kando ya barabara kinaweza kukugharimu pampu nyingine.

KABLA HUJALIPA TENA

Hakuna haja ya kugombana. Mekanika wengi ni watu wa maana, ila wanalipwa kwa kubadilisha vitu, si kwa kufikiria. Kubali kulipia upimaji kama kazi yake, hata kama hakuna kitakachobadilishwa. Daima chukua pampu ya zamani uondoke nayo. Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 ina sehemu nzima kuhusu ukarabati wa magari, na kukupa makadirio ya gharama kabla ya kazi ni wajibu wa gereji, si fadhila.

Ukikosa maneno, nakili haya utume WhatsApp: "Mkuu, kabla ya injekta, naomba picha ya presha inayotakiwa na iliyopo, picha ya chupa nne baada ya kupima, na picha ya ndani ya filta. Nitalipia kupima. Tukishaona, tutaongea bei."

Asiyeweza kukutumia hizo picha hajajua shida ya gari lako. Mtafute anayeweza.