Pampu ya Moyo na Bomba la Kando



Kila mtu wa pampu anajua jambo hili: bomba likiziba, fundi hutia bomba lingine kando, maji yapate njia. Moyo nao ni pampu. Mishipa inayoulisha damu ikiziba kwa mafuta, mganga anaweza kuufanyia njia ya kando. Mwaka 1967, huko Cleveland, Marekani, mganga René Favaloro, mzaliwa wa Argentina, alitumia mshipa wa mguu wa mgonjwa mwenyewe kwa kazi hiyo, na njia yake ikaenea duniani. Leo upasuaji huu hufanyika hata Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Lakini kuna taabu. Mshipa wa mguu ulizoea damu ya presha ndogo. Ukitiwa moyoni, presha inakuwa kubwa. Chembe za ukuta wake zinaongezeka, ukuta unanenepa, njia inakuwa nyembamba tena.

Wenye elimu wakatafuta dawa. Ndani ya kila chembe mna jeni, yaani maagizo ya kazi ya mwili. Protini moja, jina lake E2F, inawasha jeni zinazoamuru chembe ziongezeke. Wakatengeneza kipande kifupi cha DNA kuwa mtego: E2F iingie humo, kama samaki anavyoingia katika vikapu vya Wagenia hapa Kisangani, isifike kwenye jeni. Dawa iliitwa edifoligide. Mshipa ulilowekwa humo kwa presha dakika 10 hivi, kisha ukashonwa mahali pake.

Majaribio ya kwanza yalileta matumaini. Ndipo dawa ikapimwa kwa wagonjwa 3.014 wa moyo, nusu wakipata dawa, nusu maji yasiyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2005. Baada ya mwaka mmoja na zaidi, katika kila wagonjwa 100 waliopewa dawa, 45 hivi walikuwa na mshipa ulioziba vibaya ama wamekufa. Kwa wale wengine, 46. Tofauti hiyo si kitu. Wagonjwa 1.404 wa miguu walipimwa vilevile. Mwaka 2006 ikajulikana kwamba mishipa yao haikulindwa.

Kwa hiyo, ndugu, mtu akikuuzia dawa ya jeni ya kuzuia mshipa usizibe, weka franga zako mfukoni. Ulinzi unaojulikana ni huu:

– Acha tumbako kabisa. Hakuna mshipa, wa zamani wala mpya, unaoivumilia.
– Pima tansiyo na sukari kwenye dispanseri, hata kama husikii ugonjwa.
– Uliyepasuliwa, meza aspirini na dawa ya mafuta ya damu kama mganga alivyoandika. Ambaye hukuandikiwa, usijianzie mwenyewe.

Ukisikia kifua kinabanwa, maumivu yakienda mkono wa kushoto au taya, na jasho baridi, acha kazi mara moja, ukae, umwambie kapita. Usione haya. Na wewe mama, ukiona baba anasimama njiani kila mara kwa maumivu ya mguu, kisha anapopumzika yanaisha, usiseme ni uzee. Mlete tumpime.

Bomba la kampuni likiharibika, gala lina lingine. Moyo hauna gala.